Korongo Kuu la Arizona na Maandalio Yake

Apandaye mlima hutaabika kwanza, kisha hurudi kwa wepesi. Lakini katika Grand Canyon, huko Arizona nchini Marekani, mambo ni kinyume. Mtu huanza kwa kushuka, na kupanda humngoja mwishoni, nguvu zikiwa zimepungua.

Korongo hilo lina urefu wa kilometa 446 hivi, upana wake mahali pengine wafika kilometa 29, na kina chake chapita kilometa moja na nusu. Mto Colorado ndio uliochimba miamba hiyo kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1919 serikali ilipafanya kuwa hifadhi ya taifa.

Basi, atakaye kwenda na achague majira. Ukingo wa kusini uko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na wakati wa baridi huanguka theluji. Wakati wa kiangazi, joto la chini mtoni huzidi lile la juu kwa digrii 11 hivi. Kwa hiyo Aprili na Mei, tena Septemba na Oktoba, yafaa zaidi.

Achague na njia. Ile iitwayo South Kaibab haina maji kabisa. Ile ya Bright Angel ina maji mahali mahali, lakini bomba huharibika mara kwa mara. Basi awaulize walinzi kwanza. Hao huwaonya wageni wasijaribu kufika mtoni na kurudi siku moja. Aondoke alfajiri, na tangu saa nne asubuhi hata saa kumi jioni akae kivulini. Achukue maji pamoja na chakula chenye chumvi, maana maji mengi bila chumvi humdhuru mtu. Kwa kila saa ya kushuka aweke saa mbili za kupanda. Hata vijana wenye nguvu wamekufa humo kwa joto. Ni heri kugeuka mapema.

Tena nchi hiyo ina wenyewe. Bright Angel ilikuwa njia ya Wahavasupai kwenda mashambani mwao, na mwaka 1928 wa mwisho wao aliondoshwa hapo. Mwaka 2022 mahali pale pakapewa jina lao, Havasupai Gardens. Apitaye hapo na apite kwa adabu, kama apitaye uani kwa mtu.