Siku Moja na Wanafunzi wa Ng'ambo, Balambala



Sisi watu wa pwani twajivuna kwamba watoto wetu wamelelewa na bahari. Mtoto wa Lamu hulijua tanga na usukani kabla hajaota ndevu. Basi tulipoalikwa Balambala, katika Kaunti ya Garissa, tulijiandaa kwa vumbi, ngamia na jua kali, na vyote hivyo tulivikuta. Tulilolisahau ni mto. Balambala imekaa kando ya Tana, na maji yapitayo hapo ni yale yale tuyaonayo Kipini yakiigeuza bahari rangi ya udongo.

Tuliamshwa kabla ya adhana na sauti za watoto. Walikuwa wameketi duara mbele ya maalim wao, kila mmoja akisoma aya moja na mwenziwe akipokea inayofuata. Wenyeji huliita duara hilo subac. Wadogo walishika loho za mbao zilizoandikwa kwa wino wa makaa, kama zile tulizosomea sisi utotoni. Tulipoziona macho yalitulowa, hatuoni haya kukiri.

Jua lilipochomoza tuliteremka mtoni pamoja na maalim. Ng'ambo ya pili ni Kaunti ya Tana River, na wako wanafunzi wavukao kila siku kuja kusoma upande huu. Chombo chao ni mtumbwi wa gogo, hauna tanga wala mashine. Nahodha, kijana mwembamba, husimama nyuma na kusukuma kwa pondo. Havuki moja kwa moja: kwanza hupanda na mto akiambaa ukingo, kisha hujiachia mkondo umsukume hadi gatini. Tuliwahesabu watoto kumi na saba, wasichana wakiwa sita, mabuibui yamekunjwa magotini na misahafu imefungwa ndani ya mifuko ya plastiki. Hapakuwa na jaketi la kuokolea hata moja. Katikati ya mto wote walinyamaza kimya, hata watundu.

Kimya hicho kina sababu. Mamba wamo. Tena maji ya Tana hayategemei mvua ya Garissa tu. Hutoka milima ya Kenya na Aberdare, yakapita mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, na mabwawa yanapofurika huko juu, huku chini mto huvimba hali mbingu ni kavu. Wasomaji mtakumbuka mwisho wa Aprili 2024, barabara ya Garissa ilipokatwa na mafuriko watu wakavushwa kwa mashua, na moja ikapinduka Kona Punda, karibu na Madogo, wakafa watu.

Mchana ulipita kwa masomo ya skuli, na punda wakipanda na kushuka na mitungi ya maji. Tulisali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwa kuwa tulikuwa wasafiri, kisha tukaombwa tuseme na akina mama. Tuliwasimulia jinsi madrasa yetu inavyowafundisha watoto kuogelea, tukakumbusha yaliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, kuwausia wazazi juu ya jambo hilo. Tulisema kwa ufasaha, tukapendezwa na maneno yetu wenyewe.

Mama mmoja, ambaye binti zake wawili huvuka kwa mtumbwi ule, akauliza, "Sheikh, na wasichana wenu je?"

Tukakosa jibu. Kwa miaka mingi wavulana huingia baharini, na wasichana hubaki pwani kulinda viatu. Tulitaja sitara, tukataja kukosa mwalimu wa kike. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Huku sisi tuna mamba, hatuna pa kufundishia. Nyinyi mna nini?"

Jioni tulirudi gatini kuwaaga wanafunzi. Mama yule alikuwa kesha fika, akihesabu kwa vidole mpaka mtumbwi ulipogusa ukingo wa pili, na hapo ndipo alipotugeukia kutupa mkono wa buriani kwa mbali.

Tuliporudi nyumbani tuliliweka jambo hili mbele ya wazee wa madrasa, na hawakukubaliana upesi. Lakini lipo hori moja lililozungukwa na mikoko, wanaume hawapiti, na mama mmoja mvuvi wa pweza amejitolea kufundisha kila Jumamosi baada ya alasiri. Walioandikishwa hadi sasa ni wasichana tisa. Majaketi manne yamenunuliwa kwa michango yenu na kupelekwa Balambala. Yanahitajika kumi na matatu zaidi, kwa yule aliyejaaliwa uwezo.