Barua Niliyochelewa Kuijibu

Bwana Mhariri amenitaka nieleze habari za masomo yangu huku Manchester, Uingereza. Nimekubali kwa furaha, maana nilipokuwa shuleni gazeti hili tulilisoma bwenini mpaka likachakaa. Lakini sitaeleza habari za baridi na mvua, ambazo wengine wamekwisha kuzieleza. Nitaeleza habari za barua moja.

Barua ile ilifika kwa simu, kama zifikavyo barua za siku hizi. Ilitoka kwa rafiki yangu ambaye nililala naye kitanda cha juu na cha chini kwa miaka minne. Baba yake, mzee aliyekuwa akitupa sote wawili nauli ya kurudia shuleni, alikuwa ameonekana ana uvimbe katika ubongo. Rafiki yangu alisikia kwamba Ulaya kuna matibabu ya protoni yanayomaliza uvimbe bila kisu. Akaandika, "Wewe unasoma mambo hayo hayo. Niambie neno moja tu, nami nitauza ng'ombe wote na shamba, nimlete mzee."

Ndugu msomaji, kabla sijaeleza nilivyojibu, yafaa tujue protoni ni kitu gani. Atomu ya haidrojeni ina elektroni moja inayoizunguka protoni moja. Ukiiondoa elektroni, hubaki protoni peke yake. Protoni nyingi hutiwa katika mashine iitwayo saiklotroni, zikazungushwa kwa nguvu za umeme na sumaku, zikiongezewa mwendo kila mzunguko, hata zinapotoka hukimbia zaidi ya nusu ya mwendo wa nuru. Hospitali ya Christie hapa Manchester ilianza kutibu kwa protoni mwaka 2018, na saiklotroni yake ina uzito wa tani 90 hivi. Nilistaajabu kwamba kitu kizito namna hii kimetengenezwa ili kurusha kitu kidogo namna ile.

Faida yake ni hii. Eksirei huingia kichwani upande mmoja na kutokea upande wa pili, ikidhuru kila mahali inapopita. Lakini protoni ni kama mchukuzi wa gunia la maharagwe lililotoboka. Njiani humwaga chache, na akifika mlangoni hulitua gunia zima, wala hapiti mbele. Jambo hili la miale kuacha nguvu zake nyingi mwisho wa safari liligunduliwa na Bwana William Bragg mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa akifundisha Adelaide, Australia. Mwaka 1946, Bwana Robert Wilson, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi ya kutengeneza bomu la atomiki, aliandika kwamba protoni zaweza kutumiwa kutibu watu. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Berkeley, California, mwaka 1954. Kutoka mwaka 1961 madaktari wa Boston walitumia saiklotroni ya Chuo Kikuu cha Harvard, mashine iliyojengwa kwa ajili ya uchunguzi wa fizikia tu, na mpaka ilipofungwa mwaka 2002 ilikuwa imetibu watu zaidi ya 9,000.

Mambo hayo yote niliyajua, na ningaliweza kumwandikia rafiki yangu usiku ule ule. Sikumwandikia. Nilikaa wiki mbili kimya, maana nilijua na jambo jingine.

Uvimbe wa mzee ni wa namna iitwayo glioblastoma. Huo si kama jiwe lililokaa mahali pamoja; ni kama gugu lenye mizizi myembamba iliyokwisha kupenya katika ubongo mzima. Kulenga shabaha vizuri kwafaa sana pale mpaka wa uvimbe unapojulikana. Kwafaa pia kwa watoto ambao lazima watibiwe kichwa na uti wa mgongo, maana protoni husimama kabla ya kufika moyoni na mapafuni. Lakini kwa glioblastoma ya mtu mzima, majaribio bado hayajaonyesha kwamba protoni humwongezea mgonjwa maisha kuliko eksirei. Kwa ugonjwa huo ni jambo linalojaribiwa tu, na rafiki yangu alitaka kuliuzia ng'ombe wote.

Nilimwogopa. Nilijua atasema kwamba nimekula nauli za baba yake, na sasa nimefika Ulaya namfungia mlango. Basi nilimwendea mwalimu wangu, nikamweleza. Aliniuliza, "Kama angekuwa baba yako, ungeuza?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwandikie hivyo."

Nikaandika. Nilimwambia asiuze shamba, ampeleke mzee Kampala akapate matibabu ya kawaida ya miale na dawa, na asikawie. Niliomba radhi kwa zile wiki mbili, ambazo kwa mgonjwa wa namna ile si kidogo. Hakunijibu. Miezi mitatu ikapita, nami kila nilipopita karibu na jengo lile la saiklotroni nilijiuliza kama nilitenda vyema.

Kisha alinipigia simu. Mzee alikuwa ametibiwa Kampala, amerudi nyumbani, anakaa chini ya mwembe akigombana na wachungaji kama zamani. Aliishi hata mavuno ya mwaka uliofuata, akafa kitandani mwake, wanawe wakiwa pande zote. Rafiki yangu alisema, "Nilikuchukia sana." Kisha akasema, "Ng'ombe wapo."

Baadhi ya ng'ombe hao wameuzwa mwaka huu, wakalipa karo ya mdogo wake, ambaye sasa yumo katika shule yetu hii, na huenda anausoma ukurasa huu.

Ndugu zangu mnaosoma fizikia, someni kwa bidii, maana mashine hizi zitahitaji watu wetu. Lakini siku moja mtaulizwa swali na mtu anayewaamini, na jibu la kweli litakuwa chungu. Msikae nalo wiki mbili kama mimi.