Shura Kiwandani: Safari Yetu ya Mondragón



Tulipokwenda Uhispania kumtazama binti yetu anayesoma Bilbao, tulikuwa na haja nyingine moyoni. Chama chetu cha ushirika hapa nyumbani kina wanachama wengi daftarini, lakini siku ya mkutano mkuu viti hubaki vitupu. Wachache wanaofika huuliza gawio, wakala sambusa, wakaondoka. Tulikuwa tumesikia habari za Mondragón, mji ambao wafanyakazi ndio wenye viwanda, tukataka kuuona kwa macho yetu.

Basi lilitupitisha milimani kwa muda wa saa moja hivi, chini ya manyunyu yasiyokoma. Mji huo, ambao Wabaski huuita Arrasate, ni mdogo, umebanwa katika bonde la mto Deba. Nyumba na viwanda vimesongamana kama majumba ya Mji wa Kale yanavyoegemeana.

Mwaka 1941 kasisi kijana, José María Arizmendiarrieta, aliukuta mji huu umechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuanza na kiwanda. Alianza na shule ya ufundi, mwaka 1943, kwa michango ya wenyeji. Mwaka 1956 vijana watano waliopitia mikononi mwake walianzisha karakana iliyoitwa Ulgor, wakaunda majiko ya mafuta ya taa. Tulitabasamu, kwani majiko ya namna hiyo ndiyo yaliyotulea.

Mwenyeji wetu, mzee mstaafu, alitueleza taratibu zao. Anayejiunga hutoa mtaji, takriban mshahara wa mwaka mmoja wa ngazi ya chini, na huweza kuulipa kidogo kidogo. Sehemu yake ya faida huandikwa katika hesabu yake, ikabaki humo hadi aondoke au astaafu. Mkutano mkuu huchagua baraza, na baraza huteua meneja; kwa hiyo meneja huwajibika kwa wale wale anaowaamrisha. Kila mwanachama ana kura moja, awe mhandisi au mfagiaji. Mwanzoni mshahara wa juu haukuzidi mara tatu ya ule wa chini. Leo, katika vyama vingi, kikomo ni mara sita hivi.

Tukamwuliza: je, kura huwafanya watu waipende kazi? Akacheka. Kura bila hesabu mkononi, alisema, ni karatasi tu. Ndiyo maana lipo pia baraza la kijamii, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na idara zao ili wapeleke juu manung'uniko ya wenzao na kurudisha chini maelezo.

Kisha sauti yake ikashuka. Mwaka 2013 Fagor, kampuni iliyokua kutokana na karakana ile ile, ilifilisika. Vyama vingine vilikuwa vimechanga mara kadhaa kuiokoa, mwisho vikakataa. Wanachama walipoteza mitaji yao. Hata hivyo, wengi wao walipokelewa kazini na vyama ndugu au wakastaafu mapema. Wafanyakazi wa Poland na Ufaransa, ambao hawakuwa wanachama wala hawakuwa na kura, hawakuwa na ndugu wa kuwapokea.

Njiani kurudi Bilbao tulikumbuka Uhud. Mtume (S.A.W.) alishauriana na masahaba, yeye alipendelea kubaki Madina, lakini rai ya kutoka ikashinda, naye akaifuata. Matokeo yalikuwa machungu. Na baada ya machungu hayo, katika Surat Aal Imran, aliamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Basi shura si kinga ya hasara. Shura huwafanya watu waibebe hasara pamoja, na aliyeachwa nje yake huibeba peke yake.

Kabla ya safari tuliwalaumu wanachama wasiofika mkutanoni. Sasa twajiuliza sisi wanakamati: ni lini tuliwapelekea hesabu mapema, wakaja wakijua wanachopigia kura? Na mlinzi wetu na kina mama wanaotupikia, waliokitumikia chama miaka yote hii, ni nani aliyewahi kuwakaribisha wajiunge? Mkutano ujao, inshallah, hesabu zitatangulia wiki mbili, na viti vyao vitakuwepo.

Wabillahi tawfiq.