Kompyuta Yako Si Herufi C Pekee

Kuna maneno ambayo mafundi wa kompyuta huyatamka kwa wepesi sana: "Usijali, nimekuhifadhia C yako yote." Mteja huyasikia akafurahi, akalipa, akaenda zake. Leo ningependa tuyachunguze maneno hayo, mimi nawe, kwa sababu ndani yake mna mtego, na mtego huo huwanasa watu waangalifu kuliko wazembe. Mzembe hana nakala yoyote ya akiba, na anajua hivyo. Mwangalifu anayo, anaiamini, na siku ya shida ndipo anapogundua kwamba ina pengo.

Ukifungua kompyuta inayotumia Windows, unaiona diski yako imeandikwa herufi C. Huko ndiko ziliko picha za harusi, hesabu za chama cha akina mama na kazi za shule za watoto. Herufi A na B zilitengewa disketi enzi zile, ndiyo maana diski kuu ikaanzia C. Hata hivyo, diski hiyo si chumba kimoja. Imegawanywa kwa patisheni, yaani vyumba vyenye kuta, na baadhi ya vyumba hivyo havina herufi. Kwa hivyo huvioni unapotafuta faili zako. Vimefichwa makusudi ili mtu asije akafuta kitu asichokijua.

Windows 7 ilipotoka mwaka wa 2009, ilikuwa na desturi ya kutenga kichumba cha megabaiti 100 hivi kisicho na herufi. Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na Windows 11, vyumba vya namna hiyo huwa vitatu. Cha kwanza huitwa EFI, nacho kwa kawaida ni cha megabaiti 100 au zaidi. Humo mna programu ndogo inayoiamsha Windows unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Cha pili ni cha megabaiti 16, nacho Microsoft imekitenga kwa matumizi ya mfumo wenyewe. Cha tatu, cha megabaiti mia kadhaa, kina vifaa vya ukarabati, na ndicho hufunguka Windows inaposhindwa kuamka. Aidha, baadhi ya watengenezaji huongeza cha nne chenye Windows kama ilivyotoka kiwandani.

Sasa tupige hesabu. Katika diski ya gigabaiti 500, chumba cha EFI cha megabaiti 100 ni sehemu moja tu kati ya 5,000. Ni rahisi kukipuuza. Lakini wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Ufunguo wa mlango ni mdogo kuliko kitanda, ilhali bila ufunguo hulali ndani.

Niliuona ukweli huo kwa mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa mwaka wa mwisho. Diski ya kipakatalishi chake ilianza kutoa milio ya ajabu, naye akafanya jambo la busara: akakipeleka kwa fundi kabla haijafa kabisa. Fundi akatengeneza taswira ya C, akaiweka katika diski yake ya nje, akafunga diski mpya na kuirudisha C mahali pake. Diski ya zamani ikakata roho siku hiyo hiyo. Kisha fundi, akihitaji nafasi kwa ajili ya mteja mwingine, akaifuta ile taswira.

Walipoiwasha mashine, kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe yakasema hakuna kifaa cha kuanzia. Mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba, nimekwisha," akasema. Tasnifu yake ilikuwa humo, na picha za marehemu nyanya yake pia zilikuwa humo. Nilipofika nilimkuta fundi tayari ameshika flashi ya kuwekea Windows mpya. "Mzee, hapa hakuna kitu," akaniambia. "Tufute tuanze upya."

Hapo ndipo penye hatari, msomaji wangu. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Aliona mashine haiamki, akahukumu kwamba imekufa. Kumbe C ilikuwa nzima, na wakati huo ndiyo iliyokuwa nakala pekee iliyobaki duniani. Laiti angeifuta, tasnifu na picha zingekwenda nayo. Kilichokosekana ni kile chumba cha EFI tu, ambacho hakuna aliyekinakili.

Nilimwomba aichomoe diski ile mpya na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya. Kila kitu kilikuwamo. Tulinakili kwanza tasnifu na picha, mahali pawili tofauti. Kisha tukapunguza C kidogo kwa megabaiti mia chache, tukatengeneza chumba kipya cha EFI, tukairudisha diski katika mashine na kuwasha kwa flashi ya Windows. Tukaandika amri iitwayo bcdboot, ambayo kazi yake ni kujenga upya faili za kuamsha Windows kutokana na zile zilizomo katika C. Mashine ikaamka. Fundi mwenyewe alifurahi kuliko sisi.

Basi ufanye nini nyumbani kwako? Kwanza, itazame diski yako kabla haijaugua. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi X, kisha uchague Disk Management. Utaona kipande kirefu cha C, na kando yake vipande vidogo visivyo na herufi. Vihesabu, uandike ukubwa wake katika daftari. Usivifute hata kidogo, hata kama unatafuta nafasi.

Pili, unapotengeneza taswira, chagua diski nzima. Clonezilla, programu ya bure iliyotoka Taiwan, huwashwa kutoka kwa flashi na huonyesha orodha yenye maneno mawili mazito: savedisk na saveparts. La kwanza huchukua diski nzima pamoja na ramani ya vyumba vyake. La pili huchukua vyumba ulivyovitaja peke yake. Wengi huchagua la pili wakidhani wanaokoa nafasi, kumbe vyumba vile vilivyofichwa haviongezi mzigo wa maana.

Ramani hiyo nayo si jambo dogo. Katika diski za kisasa huandikwa mara mbili, mwanzoni mwa diski na mwishoni, ili moja ikiharibika nyingine isaidie. Kwa sababu hiyo, kuburuta mafolda kwa kipanya hadi diski nyingine hakuwezi kukupa diski inayoamka. Faili utazipata, lakini ramani na EFI zitabaki nyuma.

Tatu, ukinakili diski moja kwa moja hadi nyingine, usiiwashe mashine ikiwa na zote mbili. Pacha hao wana alama moja ya utambulisho, na Windows ikikuta mgongano huo huweza kuizima mojawapo. Chomoa moja. Aidha, ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta mapema ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi. Mabadiliko ya namna hii huweza kuifanya kompyuta iudai ghafla.

Na usidhani chumba cha ukarabati ni pambo. Mwezi wa Januari mwaka wa 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama ambalo lilikataa kuingia katika kompyuta nyingi za Windows 10. Sababu ilikuwa kwamba chumba hicho hakikuwa na nafasi tupu ya kutosha: zilihitajika megabaiti 250. Watu ambao hawakujua kama kipo walilazimika kujifunza kukipanua.

Mwisho, na hili nalisisitiza kwa wanafunzi hasa: usiifute taswira, wala usimruhusu fundi aifute, mpaka mashine imeamka, faili zimefunguka, na umeitumia siku kadhaa bila matata. Na mashine ikikataa kuamka, mzuie yeyote anayekimbilia kufuta. Mwambie aiunganishe diski na kompyuta nyingine, aangalie kwanza kilichomo. Aghalabu kinachoonekana kuwa maiti ni mtu aliyelala tu.

Kwa hivyo utakapokuwa dukani siku nyingine, na fundi akakwambia amekuhifadhia C yako yote, mshukuru kwa adabu. Kisha kabla hujatoa pesa muulize: "Na vile vyumba visivyo na herufi, umevichukua?" Akikutazama kama uliyezungumza Kichina, mwombe arudie kazi, safari hii achukue diski nzima.