Nyumba ya Simba na Wake wa Brigham Young

Iwapo safari itakufikisha Salt Lake City, mji mkuu wa jimbo la Utah nchini Marekani, usiondoke kabla ya kupita barabara ya South Temple. Hapo utaona nyumba mbili za kale zilizojengwa bega kwa bega. Moja huitwa Beehive House, yaani Nyumba ya Mzinga. Ya pili ni Lion House, Nyumba ya Simba, kwa sababu ya sanamu ya simba aliyelala juu ya baraza ya mbele.

Inua macho uangalie paa la Nyumba ya Simba. Utaona vipaa vidogo vilivyochongoka, kumi kila upande, vyenye madirisha ya vyumba vya kulala. Nyumba hii ilikamilika mwaka wa 1856. Waliolala humo walikuwa wake na watoto wa mwanamume mmoja.

Mwanamume huyo ni Brigham Young, aliyewaongoza Wamormoni hadi bonde hili mwezi Julai 1847. Alioa wanawake zaidi ya 50, ingawa si wote walioishi naye kama mke na mume. Chini kulikuwa na jikoni na chumba cha kulia. Ghorofa ya kati ilikuwa na sebule na vyumba vya akina mama wenye watoto wadogo. Wasio na watoto walilala juu.

Je, mitara hii ilitoka wapi? Joseph Smith, aliyeanzisha kanisa hilo mwaka wa 1830, aliandikisha ufunuo wa kuihalalisha mwaka wa 1843. Mkewe wa kwanza, Emma, hakuikubali. Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha mwaka wa 1844, na jambo lenyewe halikutangazwa hadharani hadi 1852.

Serikali ya Marekani haikunyamaza. Ilipiga marufuku ndoa hizo mwaka wa 1862. Mnamo 1879 Mahakama ya Juu iliamua kwamba uhuru wa kuabudu si ruhusa ya kuvunja sheria. Sheria za 1882 na 1887 zikaleta vifungo na kunyang'anywa kwa mali ya kanisa. Waume wakaingia mafichoni. Wake nao wakakimbia wasije wakalazimishwa kutoa ushahidi.

Mmoja wao alikuwa Martha Hughes Cannon, daktari na mke wa nne wa Angus Cannon. Mwaka wa 1886 alikimbilia Uingereza akiwa na mtoto mchanga. Alirudi, na mwaka wa 1896 akagombea useneta wa jimbo. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa nani? Mumewe! Bibi akashinda, akawa mwanamke wa kwanza kuwa seneta wa jimbo nchini Marekani. Sanamu yake iliwekwa katika jengo la bunge mjini Washington mwaka wa 2024.

Mwaka wa 1890, kiongozi wa kanisa Wilford Woodruff alitangaza mwisho wa ndoa hizo. Lakini tangazo halikueleza hatima ya wake waliokuwa wameolewa tayari. Waume wengine waliendelea kuwatunza wote, wengine wakawaacha. Mwaka wa 1904 kanisa lilionya kwamba atakayeoa mitara atafukuzwa. Vikundi vidogo vilivyojitenga vinaendelea nayo hadi leo.

Usidhani haya ni ya mbali. Kanisa hilo lilifungua hekalu jijini Nairobi mwaka wa 2025. Sheria yetu ya ndoa ya 2014 inatambua mitara ya kimila na ya Kiislamu, lakini kanisa hilo halimbatizi mwenye wake wawili, hata pale sheria ya nchi inaporuhusu.

Basi ukisimama mbele ya simba yule wa mawe, wakumbuke waliolala nyuma ya madirisha yale. Sheria ni msumeno, msomaji. Ilipokata, haikumkata mume peke yake.