Nani Alikuwa Nyuma Yako?

Siku niliyomwambia baba nataka kugeuza pikapu yake iwe nyumba ya wikendi, hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Utaifunga na nini?"

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo, nitamalizia nayo. Akanyamaza, akarudi kwa chai yake.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya zamani, umri wake karibu sawa na wangu. Kwa miaka mingi baba aliitumia kuhamisha watu mwisho wa mwezi: leo Umoja, kesho Rongai, keshokutwa Kayole. Nikiwa high school nilikuwa najificha nikiiona inapita steji imebeba sofa, godoro, ndoo na kuku wa mtu. Sasa mgongo wake umechoka. Kijana mmoja huiendesha siku za kazi na kumletea hesabu, wikendi inakaa tu.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: sanduku la plaiwudi lenye kitanda ndani. Ijumaa jioni tunaliinua na kuliweka nyuma, Jumapili usiku tunalitoa, Jumatatu gari linarudi kazini. Hoteli za kulala sikuwa nazo uwezo. Nilikuwa na elfu 40 na ndoto nyingi.

Mbao na plaiwudi kutoka Gikomba, 21,000. Fundi, 6,000. Godoro, 4,500. Rangi, 3,200. Taa za sola, 2,800. Pazia, 1,900, kwa sababu siwezi kulala kwenye dirisha tupu kama mahabusu. Piga hesabu mwenyewe. Ilibaki mia sita, na hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya kushikilia nyumba nzima kwa gari.

Mia sita ilininunulia bolti nne, washa ndogo ndogo, na kamba ya manila. Jamaa wa bodaboda pale kwetu akaniongezea vipande vya tyubu bure. Fundi alitoboa sakafu ya pikapu, akakaza bolti, akalisukuma sanduku kwa bega.

"Siste, hii haiendi popote."

Nikapiga picha, nikapost. Watu wakaweka mioyo.

Jumamosi nikashika barabara ya Magadi. Marafiki walikuwa wametangulia. Rongai sawa, Kiserian sawa. Kama umewahi kufika Kona Baridi unajua upepo wa pale hauombi ruhusa. Nikaanza kusikia ko, ko, ko. Nikajua ni sufuria. Nikaongeza sauti ya redio.

Lori lililokuwa linapanda likaniwashia taa. Nikalipungia mkono, nikidhani dereva amependa rangi. Kisha bodaboda ikanipita kwa kasi ikipiga honi. Nyuma ya dereva kulikuwa na mama, na kati yao mtoto amevaa sweta ya shule. Yule dereva akageuza kichwa, akapiga kelele: "Nyumba yako inashuka!"

Nilisimama kando, miguu inatetemeka. Sanduku lilikuwa refu kuliko pikapu, kwa hivyo lile lango la nyuma lilikuwa limelazwa wazi. Hakukuwa na kitu cha kulizuia. Lilikuwa limerudi nyuma kama shibiri moja na kuinama upande. Bolti mbili za nyuma hazikuwa zimekatika. Zilikuwa nzima kabisa, zimepasua bati la sakafu na kutoka na washa zake. Manila ilikuwa imelegea, inaning'inia kama kamba ya nguo. Tyubu zilikuwa zimefanya kile tyubu hufanya: zimevutika.

Nikampigia baba. Nilitaka aulize kama nimeumia. Badala yake akauliza, "Nani alikuwa nyuma yako?"

"Bodaboda. Na mama. Na mtoto."

Simu ikanyamaza mpaka nikaangalia kama imekatika.

"Usisogeze hiyo gari. Nakuja."

Alifika baada ya karibu saa mbili, matatu mpaka Kiserian kisha boda, amekumbatia gunia. Hakunigombesha. Alizunguka gari polepole, akaweka kidole kwenye lile tundu lililopasuka.

"Uliifunga kwa bati," alisema. "Bati ni nguo. Mtu hashikwi kwa nguo, anashikwa kwa mfupa."

Mfupa ni chesi. Nilikuwa nimeishi na hiyo pikapu maisha yangu yote na sikuwahi kulala chini yake nikaangalia. Siku hiyo nililala, na suruali yangu nzuri, baba akinionyesha kwa tochi ya simu.

Tukiwa hapo chini, macho yake yakiwa juu kwa chesi, akaniambia kuhusu kabati. Mwisho wa mwezi, mizigo mitatu kwa siku moja, kamba moja imechakaa na hakuwa na pesa ya nyingine. Kabati likaanguka. Mtu wa baiskeli aliyekuwa nyuma akalikwepa, akaingia mtaroni, mguu ukavunjika mahali pawili.

"Nilimlipia hospitali mpaka akatembea. Ni ule mwaka ulikuwa class four."

Naukumbuka huo mwaka. Ni mwaka ambao hatukwenda ushago Krismasi, na sikununuliwa viatu. Nilimkasirikia kimoyomoyo kwa muda mrefu sana. Nilidhani alikuwa amekunywa pesa. Mama hakuwahi kutuambia kitu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kamba ilikuwa yangu."

Kwenye gunia alikuwa na mikanda yake miwili mipana, ile yenye chuma cha kukazia, pamoja na vipande vya mbao. Tulisukuma sanduku mahali pake, tukalifunga, tukarudi Kiserian kwa mwendo wa mkokoteni, taa za dharura zikiwaka njia yote. Marafiki walinitumia picha za machweo ya Magadi. Nilizima data.

Wiki iliyofuata niliuza taa za sola na pazia. Nikaongeza kidogo, nikafika 7,300, tukaanza upya. Chini ya sanduku tuliweka mpira mzito wa tairi, ule wa kushonea akala, kwa sababu plaiwudi juu ya bati huteleza na mpira hung'ang'ania. Kati ya sanduku na kuta za pikapu tukapiga vipande vya mbao ili lisipate nafasi ya kucheza. Vile vitu vizito, jerikeni ya maji na mtungi wa gesi, tukavihamishia mbele, karibu na kebini, mbele ya ekseli ya nyuma.

Kamukunji fundi alinitengenezea vishikio vinne vya chuma. Vinakumbatia chesi kwa yubolti, kwa sababu baba alikataa kabisa itobolewe au ichomelewe. "Ukiumiza mfupa, umeumiza gari." Kutoka kila kishikio unapanda mnyororo mfupi mpaka kona ya sanduku, na kona zenyewe tukazishika na vyuma ndani na nje. Minyororo ya mbele inavuta kuelekea mbele, ya nyuma inavuta nyuma, yote imelala mshazari kidogo kwenda nje. Ukifunga brake, ukikata kona, upepo ukipiga, daima kuna mmoja unaokataa. Katikati ya kila mnyororo kuna kile chuma chenye skrubu pande mbili: ukizungusha, ncha zote zinavutwa ndani. Vyote vinne vilitoka kwa muuza vyuma vikuukuu. Baba alizungusha kila kimoja mara kumi kabla sijaruhusiwa kulipa.

Halafu akanionya nisikaze kwa hasira. Ukizidisha, unapasua sanduku lako mwenyewe. Na kitu kipya lazima kilegee kidogo mwanzoni, kwa hivyo unasimama baada ya kilomita chache, unakaza, unaendelea, unasimama tena.

Mwezi uliofuata tulienda wote wawili. Tulisimama Kiserian. Tulisimama Kona Baridi, mahali palepale, na sote tukajifanya ni pa kawaida. Tulisimama Olepolos, na kabla ya kuagiza nyama baba alizunguka gari akigonga kila mnyororo kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Magadi usiku joto halilali. Baba alilala ndani ya sanduku, miguu ikitokeza nje, hakuna pazia, anakoroma. Mimi nilikuwa nje kwenye kiti cha plastiki. Gari lilikuwa limezimwa, liko kwa hand brake, mawe chini ya tairi. Hata hivyo nikainuka na tochi, nikazunguka, nikagonga mmoja mmoja. Wa nyuma kushoto ulikuwa umelegea. Nikaukaza nusu duara.