Mgeni wa Siku Mbili

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Mombasa, aliukumbuka usemi huo alipoketi kupanga ziara ya Tangier, mji wa pwani ya kaskazini ya Moroko. Baada ya kongamano mjini Casablanca, angebakiwa na siku mbili tu kabla ya kurejea nyumbani. Jembe lisingemfikia.

Alitwaa karatasi akaanza kuorodhesha. Angetoka Casablanca kwa treni ya kasi iliyozinduliwa mwaka 2018, mwendo wa zaidi kidogo ya saa mbili. Siku ya kwanza angetembelea Mji Mkongwe na Kasba yake. Alasiri angekwenda Rasi ya Spartel, penye mnara wa taa wa mwaka 1864, kisha Mapango ya Hercules. Siku ya pili angevuka kwa feri hadi Tarifa, Uhispania, kwani mlango-bahari wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 hivi penye wembamba wake. Alipotanabahi kwamba Uhispania ingemdai viza nyingine, aliifuta Tarifa. Hata hivyo, orodha ilikuwa bado ndefu.

Mamake aliitazama karatasi ile, akauliza, "Mwanangu, huko kote unakwenda kumwona nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Usiku huo alirejelea habari za mwana maarufu kuliko wote wa Tangier, Ibn Battuta, aliyezaliwa huko mwaka 1304 na kuuaga mji wake mwaka 1325. Mnamo 1331 msafiri huyo alifika Mombasa akalala usiku mmoja tu, kisha akaelekea Kilwa. Katika masimulizi yake, yaliyokamilika kuandikwa mwaka 1355, aliwataja watu wa Mombasa kwa ucha Mungu wao, ndizi na samaki waliokula, misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima milangoni mwake, ambapo watu walinawa miguu kabla ya kuingia. Usiku mmoja ulimtosha kuona hayo yote.

Lakini jambo moja lilimchoma mwanafunzi wa lugha. Msafiri yule alilitaja jina la Sawahil, akaeleza kuwa nafaka ya Mombasa ilitoka huko. Ila hakutuachia salamu ya wenyeji wake. Waliamkuanaje asubuhi ile alipong'oa nanga? Laiti angalisikiliza, akaandika neno moja tu! Zimepita takriban karne saba, na swali hilo lingali halina wa kulijibu.

Asubuhi kijana aliichukua kalamu akafuta mapango, akafuta na mnara. Siku ya kwanza aliiachia Mji Mkongwe, penye kaburi linalosemekana kuwa la Ibn Battuta. Siku ya pili aliandika neno moja: Labas? Ndivyo Wamoroko wanavyojuliana hali, na maana yake ni kwamba hakuna ubaya. Alilitazama neno hilo kwa muda, akatabasamu. Kumbe hata wao, kama Waswahili wanaosema hujambo na sijambo, huulizana heri kwa kuikanusha shari.

"Mama," alisema, "nakwenda kuamkua watu."